Mtoto Asiyesema Apimwe Kwanza Masikio

Mtoto anapotimiza miaka miwili bila kutamka neno, familia nyingi hutafuta sababu karibu na nyumbani: baba yake naye alichelewa kusema, au mtoto mwenyewe ni mkaidi. Pengine ni kweli. Hata hivyo, swali la kwanza ni kama anasikia, kwa kuwa mtoto hujifunza kusema kwa kuwasikia wengine wakisema.

Hilo ni somo la msingi katika sayansi ya usikivu, usemi na lugha, taaluma inayosomwa vyuo vikuu hadi ngazi ya uzamili na uzamivu. Wanafunzi wake hujifunza jinsi sauti inavyotikisa ngoma ya sikio, ikapita katika vifupa vitatu hadi sikio la ndani, ambako seli zenye vinyweleo huigeuza kuwa ishara za neva. Seli hizo zikifa hazioti tena.

La kustaajabisha ni kwamba sikio lenye afya nalo hutoa sauti. Mwaka 1978 David Kemp, mwanafizikia wa London, alionyesha kuwa sikio la ndani likipelekewa mlio hurudisha mwangwi hafifu. Ndiyo maana leo mtoto mchanga aweza kupimwa akiwa usingizini: kifaa kidogo huwekwa tunduni mwa sikio, mlio ukatolewa, mwangwi ukanaswa. Usiponaswa, mzazi asikate tamaa mara moja, maana huenda ni majimaji au nta tu, kipimo hurudiwa.

Wataalamu hupendekeza mtoto apimwe kabla ya mwezi mmoja, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi mitatu, na huduma ianze kabla ya miezi sita. Pasipo na kifaa, mzazi na aangalie kama mtoto wa miezi sita hugeukia sauti ya kitu asichokiona. Kupiga makofi mbele ya uso wake hakuthibitishi lolote, kwani huiona mikono na kuhisi upepo. Anayempima asimame nyuma, amwite kwa sauti ya kawaida.

Mzazi mwenye shaka amfikishe mtoto zahanati au kituo cha afya, aombe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Aliyepita umri huo apelekwe vilevile. Ikithibitika kuwa hasikii, afundishwe lugha ya alama mapema pamoja na jamaa zake, ili asiendelee kukua bila lugha yoyote.