SOMO LA WIKI: TUFUNGE HESABU KABLA YA KUFUNGA MWAKA

Kusoma: Yoshua 4:1-9, Luka 19:1-10



Wiki hii wenye maduka wengi Kitale na Bungoma wanafanya kazi moja: kuhesabu mali iliyobaki, kuangalia nani amelipa na nani bado, halafu kufunga kitabu cha mwaka. Chuoni tulifundishwa kwamba deni lisiloandikwa halipotei. Linangoja tu siku yake.

Nchi yetu nayo ina kitabu chake, na kurasa nzito ziko mwisho wa Desemba. Tarehe 29 Desemba 1992 tulipiga kura ya vyama vingi baada ya miaka mingi ya chama kimoja. Tarehe 27 Desemba 2002 KANU, iliyotawala tangu uhuru, ikashindwa. Siku tatu baadaye, 30 Desemba, Mwai Kibaki akaapishwa Uhuru Park mchana peupe, akiwa kwenye kiti cha magurudumu kwa sababu ya ajali ya gari, na umati ukishangilia.

Miaka mitano ikapita. Tarehe ni ileile, 30 Desemba 2007, siku ya Jumapili. Matokeo yalitangazwa jioni, na Rais akaapishwa Ikulu muda mfupi tu baadaye. Usiku huo nchi ilikuwa inawaka. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kenya Assemblies of God pale Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomwa ndani yake, wengi wao akina mama na watoto. Kanisa la Kipentekoste, kama letu. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. Hapa Kitale uwanja wa maonyesho ukawa mji wa mahema. Na kule Mlima Elgon damu ilikuwa inamwagika hata kabla ya kura, kwa ajili ya mashamba.

Mimi nilikuwa kijana wa shule. Kesha letu la mwaka mpya halikufika usiku wa manane. Tuliambiwa twende nyumbani mapema, na Jumapili iliyofuata viti vingine vilibaki wazi. Hakuna aliyeuliza wenye viti wako wapi. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo.

1. Mungu anataka tukumbuke.
Israeli walipovuka Yordani, Mungu aliagiza mawe kumi na mawili yatolewe mtoni, ili watoto wakiuliza waelezwe. Angalia hesabu: jiwe moja kwa kila kabila. Hakuna kabila lililoachwa nje, wala lililobeba yote peke yake. Sisi watoto wetu wakiuliza, tunabadilisha stori.

2. Tukumbuke pande zote mbili.
Mhasibu yeyote atakuambia kila hesabu ina pande mbili: kilichoingia na kilichotoka. Lakini ikifika mambo ya kabila, kila mtu anaandika upande mmoja tu: tulivyotendewa. Tulivyotenda hakuna anayeandika. Kitabu cha namna hiyo ni cha uongo, hata kikisomwa kanisani.

3. Toba ya kweli inafika mfukoni.
Zakayo hakusema tu kwamba amejuta. Alisimama akaahidi kurudisha mara nne. Sasa nikuulize, mpendwa: kuna mabati, ng'ombe ama kipande cha shamba ulichopata kwa bei ya kutupa, kwa sababu mwenyewe alikuwa anakimbia? Damu ya Yesu inaondoa dhambi, lakini haikuandikii hati ya shamba la jirani. Mtafute. Kama amefariki, tafuta watoto wake. Na wewe uliyepoteza, hatukuambii usahau. Tunakuomba usiwafundishe watoto wako kuchukia.

Viongozi walitia sahihi makubaliano 28 Februari 2008, mbele ya Kofi Annan. Sisi wa chini, nani alitupeanisha mikono? Wengi tulirudi tu kukaa kiti kimoja na kuimba pamoja. Katiba ya 2010 ilihamisha uchaguzi kutoka Desemba hadi Agosti, na siku hizi Krismasi yetu imetulia. Lakini tarehe ilihama. Moyo je, umehama? Agosti 2027 itatuuliza.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
1. Ni nani aliacha kuja ibada wakati ule, na hatukumtafuta?
2. Watoto wetu wanajua nini kuhusu 2007? Walisikia kwa nani?
3. Kuna jambo gani moja unaloweza kurudisha ama kusema kabla ya tarehe 31?

Tendo la wiki: Kabla ya kesha, mpigie simu ama mtembelee mtu mmoja wa kabila lingine ambaye kuna neno kati yenu. Usianze na hesabu zake. Anza na zako.

Tuombe: Bwana, usituvushe mwaka na deni tunaloweza kulipa. Tupe ujasiri wa Zakayo. Kwa jina la Yesu, amina.