Jibu Hili Limetoka Wapi?

Mwezi huu tuzungumze juu ya mpimaji wa maabara, yule anayepokea damu yetu dirishani na kurudisha karatasi. Daktari hufuata karatasi hiyo. Ikidanganya, dawa nayo inakosea.

Mama mmoja wa kikundi chetu alimpeleka mtoto mwenye homa kwenye kliniki fulani ya kibinafsi. Foleni ilikuwa ndefu. Mtoto akadungwa kidole, damu ikapakwa kwenye kipande cha kioo, na kabla mama hajakaa sawasawa kwenye benchi akaitwa: hana malaria. Siku ya pili mtoto akashikwa na degedege. Hospitalini walipima tena, wakakuta vijidudu vya malaria. (Alipona, lakini ule usiku hatutausahau.)

Je, vijidudu vinaweza kukosa kuonekana mara ya kwanza? Ndiyo, vikiwa vichache, na hilo si kosa la mtu. Lakini tuijue kazi yenyewe. Damu lazima ikauke kwenye kioo, kisha itiwe rangi. Rangi ya Giemsa, hata ikiwa kali, huhitaji dakika 10 hivi. Iko rangi nyingine ya haraka zaidi, lakini macho hayana njia ya mkato: kabla ya kuandika "hakuna", mpimaji apitie sehemu 100 za kioo kwa hadubini. Hata kile kipimo cha haraka husomwa baada ya dakika 15 au zaidi. Sasa jibu la dakika tatu limetoka wapi?

Wapimaji watatuambia wagonjwa ni wengi, dawa za kupimia zimekwisha, na mwenye kliniki anataka pesa. Tunawaelewa; tumewaona wakifanya kazi kutwa nzima bila hata chai. Basi waseme wazi, "leo hatuwezi kupima," mama atafute kwingine mapema. Kenya ina sheria ya wapimaji tangu 1999, na bodi yao huwasajili. Kuuliza kama mpimaji amesajiliwa si utovu wa adabu.

Swali la kujadili kikundini: mpimaji ni kijana wa hapa kwetu, na mwenye kliniki amemwambia aandike tu. Akikataa, atafutwa. Tutamsaidiaje?