KUCHAGUA WIMBO WA PIANO UTAKAOFUATA



Kila mwanafunzi ajifunzaye piano hufika siku ambayo amemaliza wimbo mmoja, naye hujiuliza, "Sasa nijifunze upi?" Swali hili laonekana dogo, lakini si dogo. Kwa mtu apataye nusu saa tu kila siku, wimbo mgumu huchukua miezi minne au sita, na pengine mwaka mzima. Ukichagua vibaya umepoteza mwaka. Mimi nimepoteza mwaka namna hiyo, ndiyo sababu nimeomba nafasi katika kurasa hizi ili niwaeleze wenzangu.

Nitasema habari za nyimbo za Kiromantiki, yaani za watunzi wa Ulaya wa karne ya 19 na waliowafuata, kama Chopin, Schumann, Liszt na Brahms. Nyimbo hizi hazina maneno. Ni za kupigwa tu. Watunzi hao waliishi wakati piano ilipokuwa ikiimarishwa. Fremu ya chuma ilitiwa ndani yake, nyuzi zikakazwa zaidi, sauti ikawa kubwa na yenye kudumu. Kwa hiyo walitunga nyimbo zitumiazo upana wote wa chombo, tangu ngurumo za chini hata vilio vya juu, na pedali ya kuunganisha sauti. Hapo ndipo utamu wake ulipo, na ugumu wake pia.

KOSA LANGU

Wakati wa likizo moja, nikiwa nyumbani upande wa Endiinzi, nilisikia katika simu Preludi ya Rachmaninoff ya C shapu maina, Opasi 3 namba 2. Nikapata habari kwamba aliitunga mwaka 1892, akiwa na umri wa miaka 19. Mimi nami nalikuwa naukaribia umri huo. Nikajisemea moyoni, "Mwenzangu aliweza kuitunga, je, mimi nishindwe hata kuipiga?" Huo ulikuwa wivu, wala haukuwa sababu ya kuchagua wimbo.

Mwanzo wa Preludi hiyo humdanganya mtu. Zipo noti tatu nzito, kisha akodi za polepole. Nilizipata kwa wiki tatu, nikajiona fundi. Walakini katikati mwendo hugeuka kuwa wa kasi, na mwishoni akodi hujaa mikononi hata mtunzi alilazimika kuziandika katika safu nne za mistari badala ya mbili. Rachmaninoff alikuwa na mikono mikubwa sana. Mkono wangu hufika oktava moja, na noti ya tisa naifikia kwa shida.

Siku ya sikukuu ya shule nilipiga ukurasa wa kwanza vizuri. Nilipofika katikati vidole viliganda. Nikarudia, vikaganda tena. Basi nikapiga akodi moja kubwa, nikasimama, nikainama, watu wakapiga makofi. Mama yangu alikuwa amekuja kwa basi kutoka nyumbani. Tulipokuwa tukimsindikiza kituoni aliniuliza, "Mwanangu, wimbo wenyewe ndivyo unavyoisha?" Nikamjibu, "Ndiyo, mama." Ulikuwa uongo, na hata leo wanichoma.

MASWALI MANNE YA KUJIULIZA

Baada ya aibu ile mwalimu wetu wa muziki hakunigombeza. Aliniambia nisiguse wimbo mpya kwa mwezi mzima, ila niandike maswali ambayo yangalinipasa kujiuliza kwanza. Niliandika mengi, aliyakata yakabaki manne.

1. Chombo chako ni kipi? Piano kamili ina vibonyezo 88. Vinanda vya umeme vilivyo katika makanisa yetu mengi vina 61, yaani oktava tano. Huanzia C iliyo oktava mbili chini ya C ya katikati, huishia C iliyo oktava tatu juu yake. Ipo njia rahisi ya kupima wimbo kabla ya kuanza. Tazama mistari ya besi: C ya mwisho ya kinanda hicho huandikwa juu ya mstari wa pili wa nyongeza, chini ya ile mistari mitano. Noti yoyote iliyo chini ya hapo haimo katika chombo chako. Tazama pia kama kinanda kina tundu la kuchomekea pedali. Pasipo pedali wimbo wa Kiromantiki hukatikakatika kama maneno ya mtu mwenye kwikwi.

2. Mkono wako wafika wapi? Upime juu ya vibonyezo, tangu kidole gumba hata kidole cha mwisho. Kisha tofautisha akodi zinazopigwa kwa pamoja na zile zilizovunjwa noti moja moja. Akodi pana iliyovunjwa haimshindi mwenye mkono mdogo, kwa kuwa mkono husafiri na pedali hushika sauti iliyoachwa nyuma.

3. Wimbo huu una somo gani jipya? Wimbo mzuri wa kujifunza ni ule wenye jambo moja gumu usilolijua, na mengine uliyokwisha kuyazoea. Preludi yangu ilikuwa na mambo mapya manne: akodi pana, mruko wa mikono, kasi, na nguvu isiyochoka. Haba na haba hujaza kibaba, lakini mimi nalitaka kujaza gunia kwa siku moja.

4. Utaupiga wapi, na mpaka lini? Swali hili ndilo lililonishika zaidi. Sisi wa kidato cha sita tutafanya mtihani wetu wa mwisho mwezi wa Novemba. Baada ya hapo nitaiacha Mbarara na kurudi nyumbani Nakivale. Kanisani kwetu kuna kinanda kimoja cha vibonyezo 61, kinachotumia umeme wa jua, nacho ni cha kwaya. Yaani wimbo nitakaouchagua sasa waweza kuwa wa mwisho kujifunza juu ya piano ya kweli kwa muda nisioujua. Yafaa uwe wimbo ninaoweza kwenda nao.

NYIMBO NILIZOZIPIMA

Kwa maswali hayo nilipima nyimbo sita. Nazitaja hapa ili kila mmoja aone ipi yamfaa yeye, maana mikono na nyakati zetu si sawa.

"Träumerei" ya Schumann, yaani Ndoto, imo katika mkusanyo wake wa Kinderszenen wa mwaka 1838. Ni fupi, wala haina mbio. Ugumu wake ni kuzifanya sauti kadhaa ziimbe kwa wakati mmoja, kila moja na pumzi yake, kama kwaya. Ndiyo ninayompendekezea mtu anayeingia katika muziki huu kwa mara ya kwanza. Mimi nilikwisha kuipiga.

Consolation ya 3 ya Liszt, yaani Faraja, ilitolewa mwaka 1850. Mkono wa kuume huimba taratibu, wa kushoto hutembea kwa noti tatu tatu. Ni nzuri mno, lakini imesimama juu ya D flati ya chini sana inayoshikwa na pedali. Kwenye kinanda cha kwetu noti hiyo haimo. Ukiiondoa ni kama kuondoa sakafu.

Fantaisie-Impromptu ya Chopin aliitunga mwaka 1834, lakini hakuichapisha. Rafiki yake Fontana aliitoa mwaka 1855, Chopin akiwa amekwisha kufa. Mkono mmoja hupiga noti nne wakati mwingine ukipiga tatu. Jambo hili huwatisha wengi, ingawa sisi tuliokulia kando ya ngoma tumesikia hesabu za namna hii tangu utotoni. Kinachonizuia ni kasi yake. Nimeiweka akiba.

Intermezo ya Brahms ya A meja, Opasi 118 namba 2, ilitoka mwaka 1893, naye aliutoa mkusanyo huo kwa heshima ya Clara Schumann, mpiga piano mashuhuri. Haina mbio wala kishindo. Ni maneno ya mzee anayekumbuka, na sauti zake za ndani zataka subira ambayo bado sijaipata.

Samuel Coleridge-Taylor alizaliwa London mwaka 1875, baba yake akiwa daktari kutoka Sierra Leone. Mwaka 1905 alitoa nyimbo 24 za piano alizozitengeneza kutokana na nyimbo za watu weusi wa Afrika na Marekani. Baadhi yake ni za Waronga wa upande wa Msumbiji. Nawahimiza wenzangu wamtafute mtunzi huyu, maana wengi wetu hudhani muziki huu haukupata kuguswa na mtu wa damu yetu.

Wa sita ni Nokturni ya Chopin ya C shapu maina, iliyotungwa mwaka 1830 na kuchapishwa mwaka 1875, miaka 26 baada ya kufa kwake. Nokturni maana yake ni wimbo wa usiku. Huo ndio nilioushika.

KWA NINI NIMEUCHAGUA HUO

Kwanza, mkono wa kushoto una akodi pana zilizovunjwa, basi wanifaa mimi mwenye mkono mdogo. Pili, sehemu kubwa ya wimbo hukaa katikati ya piano, hivyo naweza kuendelea kuufanyia mazoezi hata kanisani kwetu. Tatu, una jambo moja tu gumu lililo jipya kwangu: karibu na mwisho zipo mbio nne za mkono wa kuume, za noti 18, 35, 11 na 13, huku mkono wa kushoto ukitembea polepole kana kwamba hausikii.

Ipo na sababu ya nne. Chopin aliondoka Warsaw mwanzo wa Novemba 1830, akiwa na miaka 20. Mwisho wa mwezi huohuo maasi dhidi ya utawala wa Urusi yalianza huko nyuma. Hakurudi tena kwao. Alifia Paris mwaka 1849. Wimbo huu aliutunga kwa ajili ya dada yake Ludwika. Mtu aliyekulia Nakivale, mahali palipopokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, hahitaji kuelezwa maana ya kumpelekea dada salamu kutoka mbali.

Wala Wapolandi si wageni kabisa katika nchi hii. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia mwaka 1942, maelfu yao walihifadhiwa Uganda, huko Nyabyeya karibu na Masindi na huko Koja kando ya Ziwa Victoria. Na wengine Tengeru, karibu na Arusha. Kanisa walilolijenga Nyabyeya lingali limesimama. Nilipoyasoma hayo, Chopin hakuwa tena picha ya kitabuni tu. Nilimwona kama jirani wa zamani.

NAMNA NINAVYOJIFUNZA

Noti nilizipata bure katika intaneti, kwenye maktaba ya IMSLP iliyofunguliwa mwaka 2006, ambayo ina kazi nyingi za watunzi waliofariki zamani. Kisha nafuata utaratibu huu:

Wiki za kwanza napiga mkono wa kushoto peke yake, pamoja na pedali, hata niweze kuupiga huku nikizungumza. Halafu naimba sauti ya mkono wa kuume kwa kinywa kabla ya kuipiga. Usipoweza kuuimba, hujaujua.

Mbio zile nazigawa. Noti 18 juu ya noti nne za mkono wa kushoto nazipanga 4, 4, 5 na 5. Noti 35 nazipanga 8, 9, 9 na 9. Napiga polepole sana mpaka mafungu yakae vidoleni, ndipo naanza kuyafuta mipaka ili yasisikike kama hesabu bali kama upepo. Kila siku naanzia mahali pagumu, siyo mwanzo; maana aanzaye mwanzo kila siku huujua ukurasa wa kwanza tu, kama nilivyokuwa mimi.

Mwisho najifunza kwa moyo. Karatasi huraruka na simu huzimika, lakini kilichoingia kichwani hakihitaji umeme.

KWA KUMALIZA

Wadogo zangu, msichague wimbo kwa kuwa mwenzenu ameupiga, wala kwa kuwa una jina kubwa. Pima chombo, pima mkono, tafuta somo moja, hesabu miezi. Nanyi wazee wetu mliosoma hapa, kama mnavyo vitabu vya noti vilivyolala makabatini, vileteni shuleni. Na yeyote amjuaye fundi wa kukaza nyuzi za piano atuletee habari, maana noti mbili za chini katika piano yetu hazisemi tena.

Nokturni yangu nimefikia zile mbio za noti 35. Bado hazijatulia, lakini imebaki miezi kadhaa. Nikirudi nyumbani nitamwomba mwenye funguo za kanisa anifungulie jioni moja, nami nitamwita mama aketi karibu. Safari hii wimbo utaisha pale unapoishia.