Askari wa Amani Katika Vita vya Ndugu kwa Ndugu

Tumeulizwa katika darsa letu: Je, askari wa Umoja wa Mataifa wanaopelekwa katika nchi zenye vita vya wenyewe kwa wenyewe huleta faida, ama huenda kula mishahara na kutazama watu wakiuawa? Suala hili halijibiwi kwa neno moja. Asemaye kuwa hawafai anao ushahidi wake, na asemaye kuwa wanafaa anao wake pia. Basi na tuzitazame pande zote mbili, kisha tupime.

Ama ushahidi wa kwanza ni Srebrenica, mji wa Bosnia ambao wengi wa watu wake walikuwa Waislamu. Mwezi wa Aprili 1993 Baraza la Usalama liliutangaza kuwa ni mahali pa amani, na waliokuwamo wakatakiwa wasalimishe silaha. Makamanda walikadiria kuwa kuilinda miji ya namna hiyo kwahitaji askari 34,000. Mataifa yakakubali kutoa 7,600. Tarehe 11 Julai 1995 jeshi la Waserbia wa Bosnia likauingia mji, na askari wachache wa Uholanzi waliokuwapo wasiweze kuuzuia. Wanaume na wavulana wapatao 8,000 wakauawa kwa siku chache. Ulinzi wa jina tu una hatari kuliko kukosa ulinzi. Kwani asiye na mlinzi ajua kuwa hana, naye hujitafutia njia mapema.

Ama ushahidi wa pili ni Sierra Leone. Vita vilianza huko mwaka 1991, na waasi wakajulikana kwa kuwakata raia mikono. Suluhu ilitiwa sahihi Lomé mwezi wa Julai 1999, na mwezi wa Oktoba Umoja wa Mataifa ukaamua kupeleka askari 6,000. Mwezi wa Mei 2000 waasi wakaivunja suluhu, wakateka askari wapatao 500, na Wakenya walikuwa miongoni mwao. Lau mataifa yangekimbia hapo, leo tungekuwa na ushahidi mmoja tu. Lakini hayakukimbia. Uingereza ilipeleka majeshi yake mwezi ule ule. Mwezi wa Julai Baraza likaharimisha almasi za nchi ile zisizo na hati ya serikali, kwa kuwa ndizo zilizokuwa zikinunua silaha. Mwisho wa mwaka ukamanda akakabidhiwa Jenerali Daniel Opande wa Kenya, na mwaka 2001 idadi ya askari ikaruhusiwa kufika 17,500. Wapiganaji zaidi ya 70,000 wakasalimisha silaha. Januari 2002 vita vikatangazwa kuwa vimekwisha, na Desemba 2005 askari wale wakaondoka.

Tukipima, twaona tofauti haikuwa ushujaa wa askari. Tofauti ilikuwa mambo matatu. La kwanza, idadi na amri inayolingana na kazi. La pili, kukatwa mali inayoilisha vita. La tatu, suluhu ambayo wenye silaha wenyewe wamelazimika kuikubali. Likikosekana moja, askari huwa kama pazia mbele ya moto. Katika Kongo wamekuwako tangu mwaka 1999, na bado Goma ilitekwa Januari 2025, na wao wapo.

Haya si mageni kwetu. Sura ya al-Hujurat yatufundisha kuyapatanisha makundi mawili yanayopigana. Likidhulumu moja, lizuiliwe kwa nguvu mpaka lirejee. Kisha wapatanishwe kwa uadilifu. Hatua hizo ni tatu, na mwenye kuishika ya kwanza akaiacha ya pili amemwacha dhalimu afanye apendavyo, naye ajiita mpatanishi.

Basi jawabu letu ni hili: wanafaa, kwa sharti, na waliowatuma bila ya sharti hilo ndio wa kulaumiwa kabla ya askari. Na tusisahau kuwa askari mgeni hufika baada ya damu kumwagika. Sisi Wakenya tulipouana baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wakafa watu zaidi ya 1,000, tuliokolewa na mapatano ya tarehe 28 Februari 2008. Hakuja jeshi la kigeni. Mwenye akili huukimbilia upatanishi ungali rahisi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.