Vidonge vya Usingizi na Utulivu: Kuingia kwa Cheti, Kutoka kwa Daktari

Dawa zinazozungumziwa

Dawa za usingizi na utulivu ni dawa tiba zinazopunguza kasi ya ubongo, na daktari humwandikia mgonjwa mwenye wasiwasi mkali, mwenye degedege au kifafa, anayeandaliwa kwa upasuaji, au anayevuka siku ngumu za kuacha pombe. Inayojulikana zaidi katika kaya za Tanzania ni diazepamu, ambayo wengi huiita valium kwa jina la biashara lililoingia sokoni mwaka 1963, nayo ni mojawapo ya jamii ya dawa iitwayo benzodiazepini. Kongwe kuliko hiyo ni fenobabitoni, iliyoanza kutumika mwaka 1912 na ambayo mpaka leo ni tegemeo la wagonjwa wengi wa kifafa vijijini. Wataalamu nchini huziita dawa za namna hii dawa tiba zenye asili ya kulevya, yaani dawa ambazo hospitali haiwezi kuzikosa, lakini ambazo zikitumiwa nje ya maelekezo humlevya mtumiaji na kumfunga.

Matumizi mabaya ni kuzimeza bila cheti cha daktari, kuzidisha kipimo au muda ulioandikwa, kutumia dawa aliyopewa mtu mwingine, au kuzichanganya na pombe na vileo vingine.

Usingizi wa kukopa

Ubongo una kemikali yake ya kutuliza iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kuzuia mishipa ya fahamu isipeleke taarifa kwa kasi kupita kiasi, na dawa hizi huiongezea kemikali hiyo nguvu. Zikitumiwa kila siku, ubongo huanza kujirekebisha kwa kupunguza breki zake wenyewe, kwa sababu umezoea breki inayotoka nje. Ndipo huja usugu, yaani hali ya kipimo kilekile kutoleta tena matokeo yaleyale, na baada yake utegemezi, yaani hali ya mwili kushindwa kutulia pasipo dawa. Kwa sababu hiyo, dawa hizi zinapotolewa kwa ajili ya wasiwasi au kukosa usingizi, madaktari hupendelea zisivuke wiki 2 hadi 4.

Mtego wenyewe uko hapa: mtu aliyeanza vidonge kwa kukosa usingizi, akiviacha baada ya miezi kadhaa, hukosa usingizi kuliko mwanzo, akahisi moyo ukienda mbio na mikono ikitetemeka, kisha akaamini kwamba ugonjwa wake umerudi, kumbe anadaiwa na dawa yenyewe. Akimeza tena, dalili hupoa usiku ule na deni likaongezeka.

Jinsi dawa inavyoingia nyumbani

Katika nyanda za kati, ambako mvua huja msimu mmoja tu, takribani kuanzia Desemba hadi Aprili, na ambako mtama, uwele na alizeti vya familia hutegemea miezi hiyo michache, sababu za kukesha si chache: shamba lililokauka, rejesho la VICOBA, mkopo wa kausha damu, mgonjwa asiyepata nafuu, au mtihani wa chuo. Haya ni mashaka ya kweli, na anayekosa usingizi kwa ajili yake hapaswi kuitwa mvivu wala mhalifu; hata hivyo, kidonge hakilipi mkopo wala hakileti mvua, nacho kikitumiwa kama jibu huacha chanzo palepale.

Mara nyingi dawa hupita mkono kwa mkono bila nia mbaya. Bibi mwenye kifafa hupokea kliniki bahasha ndogo iliyoandikwa idadi ya vidonge na nyakati za kumeza, akaihifadhi kwenye kopo juu ya kabati, na mjukuu asiyelala au jirani mwenye msiba akaombewa kidonge kimoja. Kwa tendo hilo watu wawili huumia: aliyepewa hupata dawa isiyopimwa kwa ajili yake, na bibi hupungukiwa na dozi, jambo linaloweza kumrudishia degedege.

Madhara ya mwili

Madhara ya haraka ni kusinzia, kuyumba, ulimi mzito na kusahau yaliyotokea baada ya kumeza. Diazepamu hukaa mwilini muda mrefu, kwa kuwa nusu yake huchukua takribani saa 20 hadi 50 kuondoka, na kwa mzee huweza kuzidi hapo. Kwa hiyo dereva wa bodaboda au wa lori la njia ya Singida aliyemeza jana usiku bado anaendesha akiwa na dawa mwilini asubuhi, ingawa mwenyewe anajiona mzima. Mzee anayeamka gizani kwenda chooni huanguka na kuvunjika nyonga. Na mtoto aliyezaliwa na mama aliyetumia dawa hizi mwishoni mwa ujauzito huweza kuzaliwa mlegevu, akashindwa kunyonya au kupumua vizuri.

Hatari kubwa kuliko zote ni kuchanganya. Pombe, iwe ujimbi, gongo au mvinyo wa zabibu za Dodoma, hutuliza ubongo kwa njia inayokaribiana na ya dawa hizi, hivyo kipimo ambacho peke yake kingemlaza mtu tu huweza kusimamisha pumzi yake kikichanganywa na pombe, heroini au tramadoli. Methadoni, inayotolewa kwa waraibu wa heroini, haitibu utegemezi wa vidonge vya usingizi, na kuvichanganya nayo pia huweza kuua.

Madhara ya kijamii

Mtegemezi wa vidonge hanuki pombe wala hapigi kelele, na kwa hiyo kaya huchelewa kumtambua. Huonekana tu kwamba amepoa, anasahau, anachelewa kazini, chakula kinaungua jikoni na fedha ndogondogo zinapotea. Aibu huifanya familia imfiche, na kufichwa humnyima tiba. Zaidi ya hayo, uwezo wa dawa hizi wa kufuta kumbukumbu umewapa wahalifu silaha, kwani abiria hupewa soda au biskuti iliyotiwa dawa ndani ya basi, akaamka bila mzigo wala fedha, na wapo wanaofanyiwa ukatili wa kingono katika hali hiyo.

Kwa sababu hizo udhibiti wake ni wa kimataifa: benzodiazepini ziliingizwa mwaka 1984 chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na nchini Tanzania zinasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba pamoja na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015.

Kuacha ghafla ni hatari

Familia iliyogundua tatizo huweza, kwa uchungu, kumwaga vidonge vyote chooni siku hiyohiyo. Kwa aliyetumia kwa muda mrefu, kitendo hicho kinaweza kuleta kile ambacho vijiwe hukiita arosto, yaani maumivu ya mwili uliokosa dawa: jasho, kutetemeka, kukesha, kuona au kusikia visivyokuwepo, na hata degedege linaloua. Kutoka salama ni kupunguza polepole chini ya daktari, pengine sehemu moja ya kumi ya kipimo kila baada ya wiki mbili au zaidi, na safari hiyo huweza kuchukua miezi.

Mtu akizidisha dawa

Aliyezidisha huonekana amelala usingizi usioamshika, anakoroma kwa uzito au anapumua polepole mno. Alazwe ubavu ili matapishi yasimzibe koo, asipewe maziwa wala kitu chochote cha kunywa, asitapishwe kwa nguvu, asiachwe peke yake, na afikishwe haraka katika kituo cha afya pamoja na karatasi au bahasha ya vidonge, ili mganga ajue alichomeza.

Mahali pa msaada na wajibu wa kaya

Safari ya tiba huanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako mgonjwa hupewa rufaa. Mkoani Dodoma ipo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, iliyoanzishwa mwaka 1927, na kituo chake cha Itega kinahudumia waraibu. Jina la Mirembe limefanyiwa mzaha kwa miaka mingi, na mzaha huo umewafanya wengi wachelewe. Kwenda huko ni sawa na kwenda kutibiwa shinikizo la damu.

Nyumbani, kila bahasha ya dawa hizi iandikwe jina la mgonjwa na tarehe ya kuanza, na, kwa dawa ya muda mfupi, tarehe ya mwisho. Ihifadhiwe na mtu mzima mmoja mahali penye kufuli, na vidonge vihesabiwe kila wiki. Tarehe ya mwisho ikifika mgonjwa akiwa bado hajalala, bahasha irudi naye kwa daktari aliyeiandika, kabla haijafika kwa muuza dawa.