Uzamili wa Takwimu: Faida Yake kwa Kaunti na Mambo ya Kujua Kabla ya Kujisajili

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,545,714 katika Kaunti ya Meru na watu 608,599 katika Kaunti ya Embu. Hesabu hizo haziishii katika ripoti za Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS). Fomula ya tatu ya kugawa mapato kati ya kaunti, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2020, ilitegemea idadi ya watu kwa asilimia 18 na kiwango cha umaskini kwa asilimia 14. Hesabu ikikosewa, mkazi huhisi pengo hilo katika zahanati na barabarani.

Ndiyo maana kaunti zinahitaji watu wanaojua kukusanya takwimu, kuzihoji na kuzieleza. Shahada ya uzamili ya takwimu huandaa watu wa aina hiyo.

Kinachosomwa

Kwa kawaida masomo huchukua miaka miwili. Sehemu ya kwanza ni ya darasani: nadharia ya uwezekano, uchaguzi wa sampuli, upangaji wa majaribio, na uchanganuzi wa data kwa kompyuta. Sehemu ya pili ni utafiti na uandishi wa tasnifu chini ya msimamizi. Katika shahada ya kwanza mwanafunzi hujifunza kutumia kanuni. Katika uzamili hutakiwa kueleza kwa nini kanuni hiyo inafaa, na ni wakati gani haifai.

Wastani unapopotosha

Chukua mfano huu wa kufundishia tu. Tuseme asilimia 20 ya wakazi wa Meru na asilimia 40 ya wakazi wa Embu wanahitaji huduma fulani ya afya. Je, ni asilimia ngapi kwa kaunti zote mbili? Wengi watajumlisha 20 na 40, wagawanye kwa mbili na kupata 30.

Jibu hilo si sahihi, kwa kuwa Meru ina watu wengi zaidi. Asilimia 20 ya Meru ni takriban watu 309,143, na asilimia 40 ya Embu ni takriban 243,440. Jumla ni 552,583 kati ya watu 2,154,313, yaani karibu asilimia 25.7. Anayeagiza dawa kwa kutumia asilimia 30 atakuwa ameongeza zaidi ya watu 93,000 wasiokuwepo. Fedha hizo zingeweza kufanya kazi nyingine.

Sampuli isiyobagua

Mfano wa pili ni wa Embu. Sehemu za juu karibu na Mlima Kenya hupata mvua ya kutosha na hukuza majani chai na kahawa. Mbeere, upande wa chini, ni kukavu, na wakulima wengi hutegemea mifugo, muguka na mazao yanayostahimili ukame. Mtafiti akihoji wakulima wa vijiji vilivyo kando ya lami karibu na mjini pekee, ripoti yake itasema Embu yote ina mavuno mazuri. Mbeere ikipatwa na njaa, ripoti hiyo haitaonyesha.

Mwanatakwimu huanza kwa kugawa kaunti katika matabaka kulingana na hali ya hewa na kilimo, kisha huchagua kaya kwa bahati nasibu katika kila tabaka. Kwa njia hiyo kila sehemu husikika. Meru nayo ina tofauti za namna hiyo, kutoka mashamba ya chai ya Imenti hadi maeneo makavu ya Tigania na Igembe.

Kabla ya kulipa karo

Eneo hili lina vyuo vikuu viwili vya umma: Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilichoko Nchiru, kilichopata hati mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Embu, kilichopata hati mwaka 2016. Anayetaka kujiunga na uzamili, huko au kwingineko, anashauriwa kufanya haya:

1. Ahakikishe kuwa kozi yenyewe, na si chuo tu, imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE).

2. Aulize gharama yote, ikiwemo ada ya usimamizi wa tasnifu na ya mtihani, wala si karo ya muhula wa kwanza pekee.

3. Aulize ni wahadhiri wangapi wanaosimamia tasnifu. Wanafunzi wengi hukwama hapo baada ya kumaliza masomo ya darasani.

4. Arudie kalkulasi na aljebra ya matriki, na aanze kujifunza programu ya R, ambayo hupatikana bila malipo.

5. Akumbuke kuwa utafiti nchini huhitaji leseni ya NACOSTI, chini ya sheria ya mwaka 2013, kabla ya kuanza kukusanya data.

Ambaye hana nafasi ya kurudi chuoni anaweza kuanza na ripoti za KNBS, ambazo husomwa bila malipo kwenye tovuti yake. Asome takwimu za kaunti yake, kisha aende nazo kwenye kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti. Mkazi anayeuliza "hesabu hii imetoka wapi?" huwasaidia wote waliomo ukumbini.