Ua dogo la Usambara: somo kwa kamati za parokia

Katika toleo hili tunawaletea somo kuhusu ua dogo. Huenda wengine mtauliza: shirika la maendeleo lina habari gani na maua, wakati watu wanahitaji maji, chakula na ada za shule? Tunaomba mtuvumilie. Ua hili limetufundisha jambo kuhusu maji, chakula na ada.

Ua lenyewe

Katika misitu ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, kuna mmea mfupi wenye majani manene yenye manyoya laini na maua ya rangi ya zambarau. Haumei popote tu. Hupenda miamba yenye unyevu, chini ya kivuli cha miti mirefu, mara nyingi karibu na vijito. Udongo unaoushikilia ni kidogo sana, pengine kiasi cha kiganja kimoja ndani ya ufa wa jiwe.

Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliuona mmea huu na kuupeleka kwao. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland aliupa jina la kitaalamu, Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Mwaka 2015 wataalamu waliuingiza katika kundi kubwa zaidi la Streptocarpus, lakini wapenzi wa maua bado wanatumia jina la zamani. Leo maua yaliyozalishwa kutokana na mimea michache ya mwanzo yanauzwa katika vyungu Ulaya na Marekani kwa mamilioni. Wajerumani hadi leo huliita ua hili kwa jina la Usambara.

Lakini porini jamii hii ya maua inapatikana Tanzania na kusini-mashariki mwa Kenya peke yake. Aina moja ya Kenya makao yake ni kilima cha Mbololo, Taita. Kwa hiyo ua linaloonekana kila dirisha la ng'ambo ni adimu hapa kwetu.

Kinacholiua

Mtu akidhani kwamba adui mkubwa ni mchumaji wa maua, atakosea. Mara nyingi hakuna anayeligusa. Mti ulio juu yake ukikatwa, jua linafika kwenye mwamba, unyevu unakauka, na ua linakufa.

Miti hiyo ilikatwa kwa sababu nyingi. Katika miaka ya 1970 na 1980 kulikuwa na uvunaji mkubwa wa magogo katika Usambara Mashariki. Kilimo cha iliki nacho kilichangia. Iliki hupenda kivuli, hivyo mkulima huacha miti mikubwa na kufyeka ile midogo iliyo chini. Baada ya miaka kadhaa mavuno hupungua, naye hupanda mazao mengine yanayotaka jua. Miti mikubwa nayo hukatwa. Kwa kuwa midogo ilikwisha kufyekwa, hakuna ya kushika nafasi yake.

Misitu hiyohiyo ndiyo inayolisha mto Zigi, na Zigi ndio unaopeleka maji katika jiji la Tanga. Kivuli kinacholinda ua ndicho kinacholinda chemchemi. Ndiyo maana tunasema kamati ikiona maua haya yanakauka kwenye mwamba wake, isisubiri mpaka ndoo zikose maji.

Kosa letu

Tuseme ukweli mbele ya wafadhili wetu. Katika mmoja wa miradi yetu ya mwanzo ya kupanda miti, tulipanda mikaratusi karibu na chemchemi. Tuliichagua kwa sababu inakua haraka, na ripoti ingependeza. Miche ilistawi, tukapiga picha. Baadaye akina mama wakatuambia kwamba foleni ya maji imekuwa ndefu. Mikaratusi hunywa maji mengi. Mzee mmoja alituuliza kwa upole kama kabla ya kupanda tulimwuliza mtu yeyote ni miti gani ilikuwepo pale zamani. Hatukuwa tumeuliza. Tuliing'oa, na wanakijiji wakatuonyesha miti ya asili ya kupanda.

Amani kwenyewe kuna mfano wa namna hii. Mti wa musizi uliletwa huko mwanzoni mwa karne ya 20. Ndege aina ya hondohondo walipenda matunda yake, wakasambaza mbegu, nao ukaenea katika sehemu zilizokuwa wazi msituni. Kupanda mti ni jema, lakini si kila mti na si kila mahali.

Anayelipa gharama

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilianzishwa mwaka 1997, na ina zaidi ya hekta 8,000. Ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, kila msitu unaolindwa una jirani. Katika msitu wa Derema, unaounganisha misitu ya Amani na ile ya kaskazini, wakulima zaidi ya 1,000 walitakiwa kuacha mashamba yao ya iliki. Fidia ilichukua miaka kadhaa kukamilika. Tajiri wa mbali alifurahi kwamba msitu umepona. Mkulima aliyesubiri fidia alikuwa bado ana watoto wa kusomesha.

Upo pia mfano wa kutia moyo. Mti wa msambu ni wa asili katika milima hiyo, na mbegu zake hutoa mafuta mazito ya kula. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanakijiji wamekuwa wakiokota matunda yaliyoanguka na kuuza mbegu. Anayeokota matunda hana sababu ya kuukata mti.

Kitabu cha Mwanzo 2:15 kinaweka pamoja kazi mbili, kulima na kutunza. Hatukuruhusiwa kuchagua moja.

Kamati ifanye nini?

1. Tembeeni kwanza. Nendeni msituni pamoja na wazee, waganga wa mitishamba na akina mama wateka maji. Andikeni majina ya mimea kwa lugha yenu, inapoota na inatumika kwa nini.

2. Lindeni mahali, si mmea peke yake. Kwa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Pimeni kwa kamba, mweke alama ambazo kila mtu anazijua.

3. Msing'oe. Ua hili huzalishwa kwa jani moja lenye kikonyo, likichomekwa katika mchanga wenye unyevu. Katika hifadhi hata jani hilo linahitaji kibali.

4. Pigeni picha mwamba uleule, mwezi uleule, kila mwaka. Mtaona mabadiliko bila mtaalamu.

5. Andikeni katika bajeti nani atapoteza kuni, shamba au malisho, na atapewa nini badala yake. Wafadhili, tunawaomba msikifute kifungu hiki. Bila hicho, miche yenu italiwa na mbuzi wa jirani mwenye njaa.

Maswali ya kujadili

• Ni mmea gani wa porini ambao babu zenu waliujua, na watoto wenu hawaujui?

• Chemchemi yenu inapata kivuli cha miti gani? Nani aliipanda?

• Katika mradi wenu wa mwisho wa mazingira, ni nani aliyebeba gharama? Je, yumo katika kamati?

Tutafurahi kupata majibu yenu kabla ya toleo lijalo, hasa ya swali la mwisho.